Kutoka utosini hadi unyayoni: neno "zenith" na ndugu zake wawili

Ndugu wanafunzi wa Kiingereza, walimu wao, na nyote mnaopenda kutazama anga,

Kabla ya kusema lolote kuhusu Kiingereza, naomba kila mmoja aweke kidole kichwani, katikati kabisa, pale ambapo kwa mtoto mchanga ni laini na panapwita. Hapo ni utosini. Sasa kiinueni kidole hicho juu moja kwa moja, kipite paa, kipite mawingu, kipite mwezi, hadi kwenye nyota. Pale kitakapogusa anga ndipo Waingereza wanapopaita "zenith". Kila mmoja wetu ana pake. Aliyekaa mbele na aliyesimama mlangoni hawachangii zenith moja, ila tofauti yao ni ndogo mno kwa jicho kuiona. Mtu akisafiri kilomita 111 kuelekea kaskazini au kusini, zenith yake husogea nyuzi 1 kati ya nyota.

Neno hili hufahamika nusu. Mara nyingi mwanafunzi huambiwa "zenith" ni kilele au kipeo, akakariri, akaendelea na neno linalofuata. Kwa maana ya mafumbo, tafsiri hiyo inatosha. Kwa maana ya falaki inapotosha, na upotofu wenyewe naufahamu unakotoka. Kilele ni cha mlima: kila kitu kinachopanda kina kilele chake, na jua nalo hufika kilele chake kila siku. Utosi ni wa mtu. Jua halina zenith. Mwenye zenith ni wewe uliyesimama chini unatazama. Nitarudi hapa mara kadhaa leo, kwa kuwa anayeushika utosi hakosei tena neno hili, na historia ya neno inamuunga mkono.

Asili yake ni Kiarabu. Wanafalaki wa zama za kati walioandika kwa lugha hiyo walikuwa na istilahi samt ar-ra's. Samt ni njia, au mwelekeo. Ra's ni kichwa. Mwelekeo wa kichwani, basi. Nusu ya pili mnaijua tangu utotoni bila kuambiwa: rasi, ile ncha ya nchi inayochomoza baharini, ni ra's hiyohiyo. Rasilimali ni ra's al-mal, kichwa cha mali. Na rais, yule anayekaa mbele ya wote, ametoka katika shina hilo pia. Kwa hiyo Mswahili anayejifunza Kiingereza ana ufunguo wa neno hili mfukoni, tena ufunguo ambao Mwingereza mwenyewe hana.

Ajabu ni kwamba nusu hii tuliyonayo sisi ndiyo iliyopotea njiani. Katika karne ya 12, huko Toledo, Hispania, vitabu vingi vya falaki vilitafsiriwa kutoka Kiarabu kwenda Kilatini. Istilahi ndefu zikafupishwa, kama wafanyavyo mafundi wa kazi yoyote na maneno wanayoyatumia kutwa nzima. Samt ar-ra's ikabaki samt tu: mwelekeo, kichwa hakipo. Nyota iitwayo Algol ilipatwa na hayohayo. Kwa Kiarabu ni ra's al-ghul, kichwa cha zimwi, lakini Ulaya ilichukua zimwi na kukiacha kichwa. Rasalhague, kichwa cha mcheza nyoka, ilisalimika na jina lake zima, na ile "ras" ya mwanzo mnaisikia waziwazi.

Samt iligeukaje zenith? Chukueni karatasi, tuione ajali yenyewe ikitokea. Waandishi wa Kilatini walisikia irabu ya neno hilo karibu na e, na s mbele ya e waliiandika kwa c, hivyo wakapata kitu kama "cemt". Mwandiko wa vitabu vya wakati ule ulijengwa kwa vijiti vifupi vya wima vinavyofanana. Herufi i ni kijiti kimoja. Herufi n ni viwili, na u ni viwili. Herufi m ni vitatu. Nukta juu ya i haikuwa ya lazima, na mara nyingi haikuwekwa. Andikeni c, kisha e, kisha vijiti vitatu vilivyopangana, kisha t. Msomeni mwenzenu aliyekaa kushoto alichoandika. Anayejua Kiarabu ataona vijiti vitatu ni m, asome cemt. Asiyejua ataona viwili vya n na kimoja cha i, asome cenit. Wote wawili wamesoma wino uleule. Ili mpime ugumu wa mwandiko huo, andikeni kwa vijiti neno la Kilatini "minimum": ni vijiti 15 mfululizo, na hakuna kinachowaambia herufi moja inaishia wapi.

Hilo ndilo elezo linalopatikana katika kamusi nyingi za asili ya maneno, ingawa nyingine huliweka kwa neno la tahadhari, "huenda". Kilicho wazi ni matokeo: cenit na zenit katika Kilatini, cenith katika Kifaransa cha kale, na hatimaye Kiingereza mwishoni mwa karne ya 14. Ile h ya mwisho ni mapambo ya waandishi. Kiarabu kina t ya kawaida hapo, Kihispania kinaandika "cenit", Kijerumani "Zenit", na Mfaransa anaandika "zénith" lakini anatamka t. Mwingereza peke yake aliiamini tahajia, akaanza kutamka th.

Kitabu kimoja kinahitaji kutajwa kwa jina. Mwaka 1391 Geoffrey Chaucer, mshairi wa Kiingereza, aliandika maelezo ya kutumia astrolabu, chombo cha kupimia anga, yaitwayo A Treatise on the Astrolabe. Alimwandikia mtoto wa miaka 10 aliyekuwa bado hajui Kilatini cha kutosha, ndiyo maana akatumia Kiingereza. Humo zenith inaelezwa kuwa nukta iliyo juu kabisa ya utosi wa kichwa chako. Miaka zaidi ya 600 iliyopita, mwalimu mwema alipotaka mtoto aelewe, alikwenda moja kwa moja utosini. Nawasihi walimu mliopo mfanye vivyo hivyo: anzeni na kichwa cha mwanafunzi, mlima uje baadaye.

Sasa ndugu zake. "Azimuth" ni as-sumut, wingi wa samt, ikiwa imebeba na kibainishi cha Kiarabu (al-) mbele. Yaani "zenith" na "azimuth" ni neno moja, umoja na wingi, yaliyopita milango tofauti hadi hayatambuani. Zenith ni mwelekeo mmoja, ule wa kichwani. Azimuth ni mielekeo yote iliyokuzunguka kwenye upeo wa macho, inayohesabiwa kutoka kaskazini kupitia mashariki: mashariki ni nyuzi 90, kusini 180, magharibi 270. Undugu huo uliwachanganya hata wa kale. Chaucer mwenyewe, aliyeeleza utosi vizuri hivyo, mahali pengine anatumia zenith kwa ile sehemu ya upeo wa macho ambapo jua huchomoza, kazi ambayo leo ni ya azimuth. Mkikutana na maandishi ya zamani yanayosema hivyo, msidhani mmekosea kusoma.

"Nadir" ndiye wa tatu: nazir as-samt, kinachokabili mwelekeo ule, kilicho mkabala nao. Ni nukta ya anga iliyo chini ya nyayo zako, upande wa pili wa dunia. Na hapa Kiswahili kina msemo ulio tayari kabisa: kutoka utosini hadi unyayoni. Nyosha mstari huo pande zote mbili, juu umepata zenith, chini umepata nadir. Sijaona namna bora ya kuyakumbuka maneno haya mawili.

Lakini angalieni mtego. Kiswahili kina nadra na nadiri, kwa maana ya kitu adimu. Hayo hayana uhusiano wowote na "nadir" ya Kiingereza. Shina lake la Kiarabu lina herufi dal. Kina pia nadhiri, ile ahadi ya kidini, na shina lake lina dhal. Nadir ya falaki inatokana na shina la tatu, lenye herufi dhaa, linalohusu kutazama, na jamaa zake halisi kwetu ni mandhari na nadharia. Kwa kuwa Kiswahili huandika dhal na dhaa kwa dh ileile, nadhiri na mandhari huonekana kama watoto wa mama mmoja. Si hivyo. Vitu viwili vinavyotazamana, hiyo ndiyo nadir: utosi na unyayo, uso kwa uso, dunia ikiwa kati.

Turudi kwenye kosa lile la kilele, kwa maana ndilo linalowaumiza wanafunzi kwenye mitihani ya sayansi inayoandikwa kwa Kiingereza. Sentensi "the sun reaches its zenith at noon" utaisikia kila mahali, hata kwa wazawa wa lugha. Kama lugha ya kila siku, hairekebishwi. Kama sentensi ya falaki, ni kweli kwa sehemu chache na siku chache tu. Jua hupita utosini kwa mtu aliye kati ya latitudo nyuzi 23.4 kaskazini na nyuzi 23.4 kusini, mara mbili kwa mwaka. Aliye juu ya mstari wa tropiki wenyewe hulipata mara moja. Aliye nje ya mipaka hiyo halipati maishani isipokuwa asafiri. London iko latitudo nyuzi 51.5 kaskazini. Siku ambayo jua hupanda juu kuliko zote, karibu na Juni 21, hufika nyuzi 62 tu kutoka kwenye upeo wa macho, na kubakiza nyuzi 28 hadi utosini. Nyosheni mkono na mkunje ngumi: ngumi moja ni kama nyuzi 10. Ni karibu ngumi tatu pungufu. Kiingereza kilizaliwa katika nchi ambayo jua halijapata kufika utosini mwa mtu, ndiyo maana msemo wake unaweza kulegea. Kiswahili kilikulia karibu na ikweta, na tunaposema jua la utosi, kuna siku ambazo ni kweli kwa kipimo.

Neno sahihi la Kiingereza kwa kilele cha kila siku ni "culmination", na kitenzi ni "culminate". Limetoka Kilatini, culmen, yaani kilele, ncha ya juu ya paa. Hapo kila kitu kinakaa mahali pake: jua hu-culminate kila siku, popote ulipo, lifikapo juu kadiri ya uwezo wake siku hiyo. Likifika kwenye zenith yako, ni siku maalumu. Kilele kwa "culmination", utosi kwa "zenith".

Mtu anaweza kujua siku yake bila kifaa cha gharama. Hesabu ni kutoa tu: chukua latitudo yako, toa deklinesheni ya jua, yaani latitudo ambayo jua liko utosini kwake siku hiyo. Jibu ni umbali wa jua kutoka zenith yako wakati wa adhuhuri, kwa nyuzi. Kusini hesabu hasi. Aliye nyuzi 10 kusini hulipata jua utosini karibu na Februari 23 na karibu na Oktoba 20. Tarehe 21 Juni, deklinesheni ikiwa nyuzi 23.4 kaskazini, jua la adhuhuri litakuwa mbali naye nyuzi 33.4, upande wa kaskazini. Umbali huu Waingereza huuita "zenith distance", istilahi ambayo mtaikuta katika kila kitabu cha falaki.

Kuupima, simamisha kijiti cha urefu wa mita 1 juu ya ubao uliolazwa kwa pimamaji. Kijiti kisimame kwa timazi. Uzi wa timazi ndio unaoonyesha zenith upande wa juu na nadir upande wa chini, na bila huo unakisia tu: kijiti kikiinama nyuzi 1 kuelekea jua au kulikimbia, jibu lako nalo limekosea nyuzi 1. Ubao ukiwa juani, anza nusu saa kabla ya adhuhuri, utie alama kwenye ncha ya kivuli kila dakika 5, hadi kivuli kianze kurefuka tena. Pima alama iliyo karibu zaidi na kijiti, ugawe kwa urefu wa kijiti. Kivuli cha sentimita 36 kwa kijiti cha mita 1 ni karibu nyuzi 20. Kivuli cha sentimita 18 ni karibu nyuzi 10. Cha sentimita 9 ni nyuzi 5 na kidogo. London ile ya Juni hutoa sentimita 53.

Yanayoharibika ni matatu hasa. La kwanza, watu hupima saa 6 kamili mchana kwa saa ya ukutani. Adhuhuri ya jua haiji saa hiyo isipokuwa kwa bahati: kila nyuzi 1 ya longitudo kutoka mstari wa saa za eneo lako ni dakika 4, na juu ya hapo jua lenyewe huwahi au huchelewa katika mwaka, hadi dakika 16 mwanzoni mwa Novemba. Ndiyo maana tunatia alama nyingi badala ya moja. La pili ni ncha ya kivuli kutokuwa kali. Jua si nukta, lina upana wa nusu nyuzi, na kwa kijiti cha mita 1 nusu nyuzi ni milimita 9 za ukungu kwenye ncha. Chagua katikati ya ukungu huo na ushike chaguo hilohilo kila alama. La tatu hutokea siku zile ambazo jua liko karibu mno na utosi: kivuli hufupika hadi kumezwa na unene wa kijiti, kisha ndani ya dakika chache huruka kutoka magharibi kwenda mashariki. Hapo usitafute tarehe kamili. Karibu na ikweta, mwezi Machi na Septemba, jua huhama takriban nyuzi 0.4 kwa siku, hivyo utakosea kwa siku moja au mbili. Karibu na mistari ya tropiki jua huhama polepole sana, na wiki nzima yaweza kufanana. Na jua lenyewe lisitazamwe kwa macho hata kidogo. Kazi yote iko chini, kwenye kivuli.

Hesabu hii ya umbali kutoka utosini ndiyo Eratosthenes, mwanazuoni wa Kigiriki, aliyoitumia karne ya tatu kabla ya Kristo kupima dunia. Huko Syene, Aswan ya leo, jua lilikuwa utosini wakati wa adhuhuri ya siku ndefu kuliko zote. Huko Aleksandria, siku hiyohiyo, lilikuwa mbali na utosi kwa sehemu moja ya 50 ya duara, yaani nyuzi 7.2. Umbali wa miji hiyo ukahesabiwa kuwa stadia 5,000, kipimo cha urefu cha Wagiriki, akazidisha mara 50, akapata 250,000. Utosi wa watu wawili, na dunia imepimika.

Mnaweza kuuliza kwa nini wanafalaki waling'ang'ania nukta hii. Ni kwa sababu ya hewa. Mwanga wa nyota iliyo utosini hupita unene mdogo kabisa wa hewa. Ikishuka hadi nyuzi 60 kutoka zenith, unene huwa mara mbili. Kwenye upeo wa macho ni kama mara 38. Tena hewa hupinda mwanga, ikiinua nyota iliyo kwenye upeo wa macho kwa zaidi ya nusu nyuzi, lakini iliyo utosini haipindwi. Kuanzia Desemba 1725, wanafalaki James Bradley na Samuel Molyneux waliifuatilia nyota moja kwa darubini iliyoning'inizwa wima huko Kew, karibu na London. Waliichagua kwa kuwa hupita karibu kabisa na utosi wa London, mahali ambapo hewa haiwezi kuwadanganya. Nyota ilihama kidogo kwa namna ambayo hawakuitarajia, na mwaka 1728 Bradley akaeleza sababu: mwendo wa dunia hugeuza mwelekeo ambao mwanga unaonekana kutokea, kwa sekunde 20 hivi za nyuzi (sekunde 1 ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi 1). Nyota hiyo inaitwa Eltanin, na jina lake nalo ni la Kiarabu, at-tinnin, joka.

Habari za vimondo nazo zinahitaji neno hili. Mkisoma kwamba mvua ya vimondo ya Perseidi hutoa vimondo 100 kwa saa, hiyo ni "zenithal hourly rate": idadi ambayo mtu angeona chini ya anga jeusi kabisa, kama nukta vinakotokea ingekuwa utosini mwake. Nukta hiyo ikiwa nyuzi 30 tu juu ya upeo wa macho, gawa kwa mbili. Iwe chini zaidi, au taa za mji ziwepo, idadi inaporomoka. Wengi hurudi ndani wamekata tamaa wakidhani wameahidiwa uongo, kumbe kivumishi kimoja, "zenithal", kiliachwa na aliyeandika habari.

Katika matamshi, Mwingereza husema ZE-nith, e kama ya "mbele", na Mmarekani husema ZII-nith. Yote ni sahihi. Th ni ile ya "thelathini", kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema "zenisi". Azimuth mkazo uko mwanzoni kabisa, A-zi-muth. Ulimi wa Kiswahili hupenda mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, ukasema a-ZI-muth, na hapo msikilizaji hupotea. Nadir ni NEI-dia kwa Mwingereza, na a ya mwanzo haisikiki kama "a" ya "nadra".

Kisarufi, falaki hutumia "at the zenith": "Vega was almost at the zenith", nyota Vega ilikuwa karibu utosini kwetu. Lugha ya mafumbo hutumia kimilikishi: "the empire was at its zenith", dola ilikuwa kwenye kilele chake; "their fortunes had reached their nadir", mambo yao yalikuwa yamefika chini kabisa. Sasa mnaona kwa nini kimilikishi kinabadilika. Dola ina kilele chake, lakini nyota haina utosi, ndiyo maana mwanafalaki makini hasemi "its zenith". Usiandike "on the zenith", wala "the highest zenith", kwa kuwa nukta moja haina ya juu na ya juu zaidi.

Nadir mara nyingi huachwa kama neno la vitabuni, na hilo si haki yake. Makka iko latitudo nyuzi 21.4 kaskazini, ndani ya tropiki. Karibu na Mei 28, saa 6 na dakika 18 mchana kwa saa za Makka, na karibu na Julai 16, saa 6 na dakika 27, jua huwa kwenye zenith ya Kaaba. Yeyote anayeliona jua wakati huo, popote duniani, akilielekea ameelekea kibla, na kivuli cha timazi kinampa mstari kamili. Lakini nusu ya dunia ni usiku saa hiyo. Wao wana siku zao, karibu na Novemba 28 na Januari 13, jua linapokuwa kwenye nadir ya Kaaba, usiku wa manane kule Makka. Kwao mambo hugeuka: kivuli chenyewe ndicho kinachoelekea kibla, na anayelielekea jua ameipa Kaaba mgongo. Anayechanganya zenith na nadir katika maelezo haya ameswali akitazama nyuma.

Limebaki jambo moja, kwa wale watakaoshika darubini. Darubini nyingi kubwa za leo husimama kwa mihimili miwili: mmoja wa kuinuka na kushuka, mwingine wa kuzunguka, yaani wa azimuth. Mistari yote ya azimuth hupanda kutoka kwenye upeo wa macho na kukutana kwenye zenith. Kwa hiyo kitu kilicho utosini kabisa hakina azimuth; mielekeo yote ni yake na hakuna ulio wake. Nyota inapokaribia hapo, mwendo wake angani ni uleule wa kawaida, nyuzi 1 kwa dakika 4 au pungufu, lakini mhimili wa kuzunguka hutakiwa kugeuka kwa kasi kubwa zaidi na zaidi, karibu nyuzi 180 kwa mkupuo mmoja, na mota haiwezi. Darubini huipoteza nyota mahali pale ambapo hewa ni safi kuliko popote. Ukiwa na darubini ya namna hii, chagua kitu kilicho nyuzi chache kando ya utosi, au kiache kipite, uhesabu dakika, kisha kikamate upande wa pili kikianza kushuka magharibi.